Wapenda njia za porini Marekani: tunahitaji chama kingine cha kututetea, au tunaongeza kadi tu?

Nahodha wa Tope
Wakuu, salaam. Kuna jamaa watatu wa huku Utah wananivuta tuanzishe chama kipya cha kuzuia njia zetu zisifungwe. Kinachowauma ni Moab: Septemba 2023 BLM, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma, ilitoa uamuzi wa eneo la Labyrinth Rims na Gemini Bridges, maili 317 za njia zikafungwa kwa magari. Wanasema vyama vilivyopo vimelala. Mimi nasita. BlueRibbon Coalition ya kutetea njia za magari ipo tangu 1987, Tread Lightly ipo, majimbo yana mashirikisho yake, klabu ndio usiseme. Mnasemaje?

Mzee wa Gia Ndogo
Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chama kipya mwaka wa kwanza ni fulana na stika. Mwaka wa pili ni ugomvi wa nani anashika akaunti. Mwaka wa tatu mmebaki watu tisa, na wawili hawasalimiani. Na hao Tread Lightly msiniletee hapa, ni wanamazingira waliovaa buti zetu.

Mama Winchi
Shikamoo mzee. Kwa Tread Lightly umekosea. Ilizaliwa ndani ya Idara ya Misitu yenyewe mwaka 1985, ikajitegemea 1990. Kazi yake ni kufundisha watu kuendesha bila kuharibu. Usimlaumu mwalimu kwa kuwa si wakili.

Na BlueRibbon hawakulala Moab, walikwenda hadi mahakamani. Shida yetu iko kabla ya hapo, wakati wa wananchi kutoa maoni, idara haijaamua. Watu wanatuma barua ileile ya kunakili, "msifunge njia zetu", wanabadilisha jina tu. Maoni si kura, wanangu. Barua zinazofanana zinarundikwa pamoja zinajibiwa kama hoja moja. Mimi na mume wangu tuliwahi kukesha siku tatu na ramani mezani, njia moja moja kwa namba yake: hii ndiyo pekee inayofika kambini, hii inaunganisha mabonde mawili, hii kweli imekufa, ifungeni. Barua ya namna hiyo lazima ofisa akae aijibu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza chama, niulize nani yuko tayari kukesha.

Kasi Kifuani
Mama umesema vizuri, ila ukweli hamtaki kuusema. Aliyetufungia Moab ni mwenye saidi-bai-saidi, vile vigari vya porini vya viti sambamba. Anakodi kigari asubuhi, muziki juu, anapita nyuma ya nyumba za watu kama nyuki waliochokozwa. Sisi wa Jeep tumepita pale miaka na miaka hakuna aliyelalamika.

Vumbi la Jana
Kasi, Jeep yako ni jipu tu, ina kazi ya kusubiri kutumbuliwa. Mimi nina saidi-bai-saidi, nimeinunua kwa jasho langu, sijakodi. Safari iliyopita nilikuta Jeep mbili zimepasua difu katikati ya njia, mafuta yanachuruzika kwenye mawe, na mwenyewe yuko pembeni anapiga picha. Nani alitoa kamba? Mimi wa nyuki.

Kasi Kifuani
Kamba moja ndiyo imekupa ukichwa hivi?

Vumbi la Jana
Kamba mbili. Ya kwanza ilikatika kwa uzito wa bampa zenu za mapambo.

Mchanga Mtupu
Jamani, turudi kwenye swali. Mimi niko California na nasema chama kidogo kipya kinaweza kufaa. Mfano ni Oceano Dunes, vilima vya mchanga vya ufukweni huku kwetu. Mwaka 2021 tume ya pwani ilipiga kura magari yaondoke mchangani ndani ya miaka mitatu. Waliosimama mbele mahakamani hawakuwa wakubwa wa kitaifa, ni Friends of Oceano Dunes, watu wa eneo moja wenye ugomvi mmoja. Mwaka 2023 jaji akasema tume ilivuka mamlaka yake. Hoja yangu: chama cha kila mahali hakijui mchanga wa mahali pamoja.

Mzee wa Gia Ndogo
Mchanga si njia, huo ni ufuko. Na mimi si mtu wa kuambiwa nimekosea na kila mtu. Kuna sheria ya madini ya 1866 inayosema njia zilizopita kwenye ardhi ya umma ni barabara, basi. Tukaidai hiyo tu, chama cha nini?

Mama Winchi
Mzee wangu, hiyo ilifutwa 1976. Zilizobaki ni haki za barabara zilizokuwepo kabla ya hapo, na wanaozidai ni kaunti na majimbo. Utah inadai maelfu. Klabu yako haiwezi kwenda kujiandikia barabara.

Mzee wa Gia Ndogo
Sijasema klabu. Soma.

Bado Nafunga Nati
Mimi mgeni, samahanini. Nani anahudhuria hiyo mikutano ya Idara ya Misitu? Niliwahi kwenda mmoja. Wenzetu wa kutembea kwa miguu walikuwa kumi na wanne, wana karatasi, wanaongea kwa zamu. Upande wetu tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuja kwa sababu mkewe alikuwa na zamu ya usiku hana pa kwenda.

Kasi Kifuani
Hao ni watu waliostaafu, wana muda. Sisi tunafanya kazi.

Mjomba wa Rubicon
Kila mtu anafanya kazi. Niwape habari ya Rubicon, ile njia ya mawe ya California, maana naona mnapigana na kivuli. Ile ni barabara ya kaunti, watu wanaipanda na Jeep tangu Jamboree ya kwanza, ule msafara wa Jeep, ya 1953. Mwaka 2009 mamlaka ya maji ya jimbo ikatoa amri kwa kaunti ya El Dorado na Idara ya Misitu wasafishe: tope linaingia vijitoni, mafuta, na, niwieni radhi walio mezani, kinyesi. Wanamazingira hawakuja kutujazia kinyesi pale. Tulijaza wenyewe. Ilibidi watu wajitolee kutengeneza njia na kugawa mifuko ya choo bure pale mwanzoni.

Vumbi la Jana
Na wa Jeep ndio walikuwa wengi pale, naomba iandikwe.

Kasi Kifuani
Kwani wa saidi-bai-saidi wana matumbo ya chuma?

Bado Nafunga Nati
Huo mfuko ukishatumika unauweka wapi? Gari langu nyuma limejaa. Sitaki ukae karibu na chakula.

Mjomba wa Rubicon
Usiufunge nje ya tairi la akiba kama wanavyofanya vijana, tawi moja likipita umemwogesha wa nyuma yako.

Mama Winchi
Nilishawahi kuwa wa nyuma. Siongezi neno.

Mchanga Mtupu
Naona hakuna aliyejibu habari ya Oceano. Sawa.

Nahodha wa Tope
Nimeisoma, Mchanga. Nimewapelekea wale jamaa watatu hoja yako pamoja na ya Mama Winchi. Mmoja ameuliza kama kukesha na ramani ni lazima. Mwingine tayari ametuma mchoro wa nembo, ina tai.

Mzee wa Gia Ndogo
Nilisema nini? Bado fulana.

Mjomba wa Rubicon
Nati, nimekumbuka. Tafuta kasha la chuma la risasi la jeshi, yale ya zamani. Kifuniko kina mpira, harufu haitoki. Mimi nimelifunga kwenye bampa ya nyuma.

Vumbi la Jana
Mjomba, la ukubwa gani? Kwenye saidi-bai-saidi nina nafasi ya kiganja tu.