KIJIKO CHA SIAGI JUU YA KUKU ALIYEKWISHA KUKAANGWA!!! Yule mpishi mnayemjua sasa amevuka mpaka

MwikoMrefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mkanda ukiwa umelegezwa matundu mawili, makosa ya herufi mnisamehe, damu yote iko tumboni.

Nyote mnamjua. Simtaji. Anayetaka kumtambua afumbe macho afuate harufu ya karai. Ni yule ambaye kila mstari wa menyu yake una neno "krimu", utadhani maji hayajafika jikoni kwake.

Sahani yenyewe: paja la kuku limevikwa yai na unga, likazamishwa kwenye mafuta. Sawa. Likalazwa juu ya viazi vya kuponda vilivyokorogwa na krimu. Haya. Likafunikwa jibini mpaka likapoteza umbo, likamwagiwa sosi ya krimu nyingine, mdogo wake yule wa kwanza. Tukanyamaza. Halafu mhudumu akasogea na kijiko cha siagi, akakitua JUU. Juu ya kitu kilichotoka kuogelea mafutani dakika mbili zilizopita! Akatabasamu, akasema: "Hii ni ya kung'arisha."

Kung'arisha nini? Kuku ni kiatu?

Tupige hesabu kidogo. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati wanga na protini ni 4 kwa gramu. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni gramu 14 hivi, karibu kalori 120. Siagi ni mafuta kwa asilimia 80 au zaidi kidogo, kwa hiyo kijiko kikubwa kina kama kalori 100. Hiyo ni kwa kijiko cha binadamu. Alichoshika yule ni koleo la mchanga.

Na kuku mwenyewe alikaangwa vibaya. Gamba lilikuwa laini, ukiminya kwa uma linatoa machozi. Mafuta ya kukaangia yanatakiwa yawe nyuzi 170 hadi 180. Ukitumbukiza vipande kumi kwa mpigo, joto linaporomoka, gamba linachelewa kukauka, kuku anakaa humo muda mrefu na anatoka kama sponji. Isitoshe, sehemu kubwa ya mafuta huingia kwenye gamba BAADA ya kutoa kipande: mvuke wa ndani unapoa, unaacha nafasi, mafuta yaliyonata nje yanavutwa ndani. Ndiyo maana kipande hukung'utwa pale pale kingali moto, kikawekwa juu ya waya. Yeye anakiweka juu ya krimu. Kisha anakipaka rangi ya kiatu.

Paja hilo hilo nyumbani, kwa watu wanne: toa ngozi, kaanga kitunguu kwa kijiko kikubwa KIMOJA cha mafuta, kitunguu kikianza kushika chini ongeza maji kijiko kijiko badala ya mafuta. Weka mapaja, nyanya mbili, kikombe cha maji, funika, moto mdogo dakika 35 hadi 40. Limau mwishoni, ukishazima moto. Unakula, unasimama, unatembea kama mtu mwenye miguu yake.

Ya kung'arisha!

#2 SahaniTupu

Swali moja tu mkuu. Ile sahani ilirudi jikoni na nini juu yake?

#3 MwikoMrefu

Usitoke nje ya mada.

#4 SahaniTupu

Kwa hiyo ulilamba mpaka kiwi. Endelea.

#5 FundiKaango

Mwanzisha uzi ana haki ya kukasirika ila amekasirikia kitu kisicho chenyewe. Siagi ya mwisho ni ufundi halali, lakini ni ya SOSI. Unazima moto, sosi ikitulia kuchemka unatia siagi baridi, gramu 10 hadi 15 kwa sosi ya watu wawili, kipande kidogo kidogo huku unazungusha sufuria. Mafuta yanasambaa kwenye maji kwa chembe ndogo mno, sosi inanenepa kidogo na inang'aa kweli. Ikichemka tena, siagi inaachana na maji, mafuta yanaelea juu kama petroli kwenye dimbwi.

Juu ya gamba la kukaanga siagi haina kazi. Ina maji kama asilimia 16, na maji ndiyo adui namba moja wa gamba. Kwa hiyo ameongeza mafuta na hapo hapo ameua ukavu aliotumia mafuta kuupata. Hasara mara mbili kwa kijiko kimoja.

#6 MwikoMrefu

ASANTE. Hasara mara mbili. Kwa kijiko kimoja. Huku anatabasamu.

#7 MpimaVijiko

Mimi nina shida na hawa wa "vyepesi vya nyumbani". Nusu yao wakisema chepesi wanamaanisha karoti iliyotokoswa mpaka ikasahau jina lake. Mboga ya mvuke ni dakika 3 hadi 5, maji yasiguse mboga, kifuniko kikae. Kijani kikigeuka rangi ya sare ya mgambo, umechelewa. Mmeacha kung'arisha kuku, mnafifisha mboga.

#8 Mama Mvuke

Mwanangu MpimaVijiko, na wewe tukuulize: unaikata mboga kwa ukubwa gani? Kipande kimoja kama kidole, kingine kama ngumi, halafu unalaumu dakika. Karoti ikatwe nyembamba, itangulie. Majani yafuate dakika ya mwisho. Sufuria haina kosa hapo.

#9 NyongoKidogo

Turudi kwa mgonjwa wetu mwenye mkanda. Mzigo hautoki haraka kwa sababu mafuta yakifika utumbo mwembamba, utumbo unatoa homoni inayoliambia tumbo "punguza kasi". Mlo wa mafuta mengi hukaa tumboni saa kadhaa. Homoni hiyo hiyo inalegeza msuli unaofunga mlango wa juu wa tumbo, tindikali inapanda, ndicho kiungulia hicho. Usilale kabla hazijapita saa 2 hadi 3 tangu ule. Tembea polepole, si kukimbia. Soda iache, gesi inaongeza puto ndani ya puto. Na mkanda usiurudishe leo.

#10 SahaniTupu

Mpe maji ya moto mkuu, yanayeyusha mafuta.

#11 NyongoKidogo

Mafuta yepi? Ndani ya mwili ni nyuzi 37, siagi ilishayeyuka kabla hujamaliza kumcheka mwenzio. Kinachotakiwa si kuyeyusha bali kuyavunja yawe matone madogo ili vimeng'enya viyafikie, na hiyo ni kazi ya nyongo. Maji ya moto yatakupa faraja na safari za chooni, basi.

#12 MwikoMrefu

Jamani alikitua MBELE YANGU. Kingekuwa jikoni ningesema sikuona.

#13 KaraiLaZamani

Hamjagusa uchafu mkubwa zaidi: mafuta yaliyorudiwa. Nyie mnalilia siagi safi wakati wengine tunalishwa mafuta yenye umri wa kwenda shule. Dalili zake: rangi imekuwa nyeusi, yanafanya povu dogo dogo lisilokufa hata ukitoa chakula, yananata kidoleni yakipoa, na yanatoa moshi mapema, kabla hayajafikia joto la kukaangia. Kila yanapochemshwa yanazidi kuharibika, na makombo ya unga yanayobaki chini yanaungua na kuharakisha kifo chake. Chuja yakishapoa, funika, weka gizani. Usiongeze mapya juu ya mazee ukajidanganya umeyafufua. Umezeesha mapya tu.

#14 FundiKaango

Hili kubwa kuliko siagi. Na gamba la kuku wa mwanzisha uzi lilikuwa na rangi gani?

#15 MwikoMrefu

Halikuonekana. Lilikuwa LIMENG'ARISHWA.

#16 ChumviBaadaye

Mimi naona wote mmelala. Tatizo la mlo wa nje ni chumvi. WHO inashauri mtu mzima apate chini ya gramu 5 kwa siku nzima, hicho ni kama kijiko kimoja cha chai. Wapishi wanatia chumvi mwanzo, kisha wanaichemsha sosi mpaka ibaki nusu. Maji yanatoka na mvuke, chumvi haitoki, kwa hiyo ukali unakuwa maradufu. Anaonja mwishoni, anashtuka, anatia krimu kuificha. Krimu imetoka wapi mnauliza? Imetoka hapo.

#17 SahaniTupu

Chumvi ikizidi si unatumbukiza kiazi kinainyonya?

#18 ChumviBaadaye

Kiazi kinanyonya maji YENYE chumvi. Chumvi iliyomo kwenye kila kijiko cha mchuzi unaobaki ni ile ile, isipokuwa mchuzi umepungua na umepata kiazi cha chumvi juu yake. Dawa ni kuongeza maji, nyanya, au mboga isiyo na chumvi. Tia robo mwanzo, nyingine mwishoni ukishaonja.

#19 Mama Mvuke

Bado hawajamwambia mtoto wa watu sosi inanenepeshwaje bila krimu. Vijiko viwili vya chai vya wanga wa mahindi kwa kikombe cha mchuzi. Uukoroge kwanza na maji BARIDI. Ukiutupa mkavu kwenye mchuzi moto, nje ya donge panaiva, ndani panabaki unga, utatafuna vidonge. Mimina huku unakoroga, uchemke kidogo, epua. Na viazi vya kuponda visipigwe kwa mashine, vinageuka gundi kwa sababu wanga wake unamwagika wote. Ponda kwa mkono, legeza na maji yale yale ya kuchemshia. Na supu iliyotoa mafuta mengi iacheni ilale kwenye friji, asubuhi mafuta yameganda juu kama sahani, yaengueni kwa kijiko.

#20 KaraiLaZamani

Mama umetaja friji, umenikumbusha mabingwa wa wali wa juzi. Wali unaachwa juu ya jiko usiku kucha eti "umefunikwa". Kuna bakteria ambao mbegu zao zinastahimili kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu wanaamka, wanazaana, wengine wanatoa sumu isiyokufa hata ukiupasha mpaka uungue. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie friji ndani ya saa moja au mbili. Chepesi cha nyumbani hicho, kinakupunguza uzito kwa siku moja.

#21 MpimaVijiko

Hahaha, mlo mwepesi kuliko yote.

#22 UkokoMweusi

Kwani huo wali mnaupikaje hadi ubaki? Kama ni wa kugandana mnautupa wenyewe. Osha mpaka maji yaache kuwa meupe, kikombe 1 cha mchele kwa kikombe 1 na nusu cha maji, ukikauka juu punguza moto kabisa, dakika 10 hadi 12, zima, uache dakika 10 nyingine bila kufunua.

#23 FundiKaango

Inategemea mchele. Uliokaa muda mrefu ghalani ni mkavu, unakunywa maji zaidi. Kikombe kimoja na nusu kwa mchele mkavu utaishia kutafuna kokoto.

#24 UkokoMweusi

Kokoto zinatoka kwa wanaofunua sufuria kila dakika kuchungulia. Mvuke ndio unaoivisha tabaka la juu, nyie mnaufungulia mlango uende zake.

#25 MwikoMrefu

Wakuu. Uzi huu ni wa siagi.

#26 ChumviBaadaye

Na wali mnautia chumvi lini? Maana kuna wanaonyunyizia juu ukishaiva, punje moja tupu, nyingine bahari.

#27 UkokoMweusi

Kwenye maji, kabla ya mchele. Hilo nalo la kuuliza?

#28 SahaniTupu

Mimi natia siagi kidogo ukishaiva. Unang'aa.

#29 MwikoMrefu

Msimamizi, naomba huyu afungiwe.

#30 FundiKaango

Kiasi gani, SahaniTupu? Maana kijiko cha chai kwa vikombe viwili vya mchele kinatosha kutenganisha punje, ukipitisha uma ungali moto.

#31 UkokoMweusi

Uma, si mwiko. Mwiko unaponda.