Je, tumwandikie mdogo wetu aliye mafunzoni habari ya injini iliyoibwa, au tusubiri amalize?

Dada wa Igogo anauliza:

Wakubwa zangu, shikamooni. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 19, yuko kwenye mafunzo ya awali ya kijeshi nje ya mkoa wetu wa Mwanza, na huu ni mwezi wake wa pili. Simu aliiacha nyumbani kwa sababu kuruta haruhusiwi kuwa nayo, kwa hiyo tumerudi kwenye barua, kazi ambayo mimi wa kizazi hiki sikuwahi kuifanya ila kwenye mtihani wa Kiswahili. Mama husema, mimi huandika, kisha namsomea kwa sauti, naye hunifutisha yale ambayo moyo wake umeyakataa.

Kabla ya kuondoka, mdogo wangu alikuwa akivua dagaa pamoja na baba, na injini ya mtumbwi waliinunua kwa kuchanga wote wawili. Wiki tatu zilizopita wezi walimvamia baba ziwani usiku, wakachukua injini na taa zote, wakamwacha apige kasia mpaka kulipopambazuka. Hakuumizwa, tunamshukuru Mungu. Mama amekataza jambo hilo lisitiwe kwenye barua, kwa sababu anaamini kijana akilijua atatoroka kambini aje kumsaidia baba yake. Baba hajasema kitu, lakini kila ninapofika kwenye maneno "sisi sote hatujambo" yeye husimama akatoka nje.

Katika barua yake ya mwisho mdogo wangu ameuliza mambo matatu: miguu ya bibi inaendeleaje, injini imebadilishwa oili au bado, na kama mbwa wetu amekwisha kuzaa. La kwanza na la tatu nimekwisha kuyajibu. Hilo la pili ndilo lililonileta kwenu.

Mzee wa Nyakato anajibu:

Marahaba, mwanangu. Nakupa yaliyonipata mimi, kisha utapima mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 1979, wakati vita dhidi ya Idi Amin ikiendelea, nilikuwa kijana mafunzoni Tabora, na mama yangu alikuwa akikaa hapo hapo Igogo ulipo wewe. Yeye alijifunza kuandika ukubwani, katika madarasa ya kisomo chenye manufaa, ule mradi uliosaidiwa na UNESCO ambao makao yake yalikuwa hapa Mwanza kuanzia mwaka 1968. Wakulima walijifunza herufi kwa masomo ya pamba, na wavuvi kwa masomo ya samaki. Mwandiko wake ulikuwa wa kuchonga, herufi kubwa kama punje za mahindi, na kila barua ilianza kama zilivyoanza barua zote za zama zile: ukitaka kujua hali yangu mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Barua ilipanda treni hapa, ikashuka Tabora, na mimi niliweza kuitambua bahasha yake kabla sijaitwa jina.

Mwishoni mwa Machi mwaka huo ndege ya Libya, waliokuwa wakimsaidia Amin, ilikuja kuishambulia Mwanza. Mabomu yalikosa shabaha yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama waliokuwa wakitunzwa pale. Wewe unajua Saanane ilivyo karibu na Igogo. Sisi kambini tulizipata habari hizo kwa maneno ya watu, na maneno ya watu hayakusema wanyama. Yalisema Mwanza imepigwa. Siku kadhaa baadaye ikaja barua ya mama, ndefu kuliko zote, imeeleza mvua, imeeleza bei ya sukari na harusi ya jirani, na juu ya mabomu haina hata nukta. Alitaka kunipunguzia mzigo. Lakini tangu siku ile, kila aliponiandikia kwamba wote ni wazima, niliisoma sentensi hiyo mara tatu nikitafuta alichokificha nyuma yake. Hata alipokufa mbuzi tu akaniambia amekufa mbuzi, mimi niliwaza ni nani aliyekufa.

Barua ile ninayo mpaka leo na sina kinyongo na marehemu. Ila nakuambia kwamba kwa kuificha habari moja mbaya, alizitia shaka habari njema zote zilizofuata. Mwandikieni.

Mama Wawili, Kirumba, anajibu:

Dada wa Igogo, pole kwa mkasa huo, na umpe baba pole nyingi, kwa maana sisi tunaonunua dagaa Mwaloni tunajua injini ni nini kwa mvuvi.

Mimi nimekwisha kupeleka watoto wawili mafunzoni, na kwa yule wa kwanza niliharibu vibaya. Nilimwandikia kurasa nne za kulia: nyumba imepooza, sufuria ya ugali imekuwa kubwa, sijui nitafanya nini bila wewe. Nilidhani nampa mapenzi, kumbe nilikuwa nampa kazi ya kunibembeleza mimi akiwa amechoka na kwata ya mchana kutwa. Alinijibu mistari sita, yote ya kunituliza. (Nilitia na noti ya shilingi elfu kumi kwenye bahasha, barua ilifika, noti haikufika, na hilo nalo ni funzo.)

Kwa yule wa pili nilibadilika. Nilimwandikia mambo ya nyumbani jinsi yanavyokwenda, bila kuyapaka sukari. Nilimweleza kwamba mbalamwezi ilikuwa kali hata taa hazivuti dagaa, mitumbwi imelala ufukweni wiki nzima, na wavuvi wanashona nyavu na kubishana mpira. Nilimweleza kwamba mvua ilinyesha tukiwa tumeanika, dagaa wakaharibika, tukawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, nilimwandikia jinsi shangazi yake alivyovuka kilometa tatu zile ndani ya basi huku amefumba macho, yeye aliyezoea foleni ya pantoni miaka yote, kisha akafika Sengerema akidai hakuona ajabu yoyote. Aliporudi likizo aliniambia kwamba barua ile ilisomwa na hanga zima, yaani bweni lao lote, na vijana wa mikoa ambayo sijawahi kufika walikuwa wakimuuliza shangazi hajambo.

Kwa hiyo, habari ya injini msiifanye barua nzima. Iwekeni katikati, baada ya miguu ya bibi na kabla ya watoto wa mbwa, kwa maneno machache yaliyo wazi.

Fundi Redio anajibu:

Mimi naomba kutofautiana na wakubwa wangu kwa heshima. Nikiwa mafunzoni, banda letu la kukaushia samaki liliungua, na familia ikanificha miezi yote iliyobaki. Nilipofika nyumbani nilikasirika siku moja, siku ya pili nikawashukuru, kwa maana najijua. Ningeruka ukuta usiku ule ule. Swali si kama habari isemwe au isisemwe. Mdogo wako ni mtu wa namna gani?

Afande Mstaafu anajibu:

Nimewafunza kuruta kwa miaka mingi, na kila barua zilipogawiwa jioni niliwatazama zaidi wale ambao hawakuitwa jina. Kuruta asiyepata barua hujitengenezea habari zake mwenyewe, na anazozitengeneza huwa mbaya kuliko za kweli. Ndiyo maana jambo la kwanza, Dada wa Igogo, ni kwamba usikae kimya ukisubiri familia ikubaliane. Kuliruka swali lake la pili ni jibu pia, na kijana aliyeuliza habari ya oili hatashindwa kugundua kwamba hakujibiwa.

Ndugu Fundi Redio ana hoja, wapo vijana wa namna hiyo. Lakini kati ya wale waliotoroka mikononi mwangu, ninaowakumbuka walitoroka kwa kusikia nusu ya habari. Mmoja alipata barua kutoka kwa rafiki wa mtaani iliyosema "nyumbani kwenu kuna matatizo, Mungu awasaidie", basi. Tulimkamata kituo cha mabasi. Lau baba yake angeandika ni matatizo gani na yanashughulikiwa vipi, kijana yule angelia usiku mmoja na asubuhi angekuwa kwenye mstari. Mtaa wenu wote unajua kuhusu injini. Mnadhani hakuna rafiki yake hata mmoja mwenye kalamu?

Mpeni habari pamoja na hatua iliyokwisha kuchukuliwa: baba ni mzima, polisi wamearifiwa, kwa sasa anavua kwa kushirikiana na nani, na kwamba yeye hatakiwi kufanya lolote ila kumaliza. Maneno hayo ya mwisho yaandikwe na baba mwenyewe, maana kijana hutii mwandiko wa baba kuliko ujumbe uliopitia kwa dada. Na ikiwa siku moja kutakuwa na msiba au ugonjwa mkubwa, hilo msilipeleke kwa barua. Pigeni simu ofisi ya kambi, kijana aitwe aambiwe akiwa na mtu karibu naye. Andikeni jina lake kamili na kombania yake, yaani kikosi chake, juu ya bahasha, kwa maana majina yanafanana sana na nimeona barua ya mtu ikisomwa na mwingine mpaka ukurasa wa pili.

Dada wa Igogo anaandika tena:

Wazee wangu na ndugu zangu, nimewasomea mama na baba majibu yenu yote jana usiku. Mama alisikiliza ya Mzee wa Nyakato mpaka mwisho, akaniuliza kama mzee huyo mama yake alikuwa mtu wa wapi, kisha akaenda kulala bila kusema ndiyo wala hapana.

Asubuhi baba amenieleza jambo ambalo hakuwa amelisema. Polisi walimtaka alete namba ya injini ili waweze kuitambua ikipatikana, na namba hiyo imo kwenye stakabadhi ya dukani, ambayo mdogo wangu aliificha mahali anapopajua yeye mwenyewe ili panya wasiitafune. Wiki tatu hizi baba amekuwa akipekua magunia, makopo na chini ya magodoro peke yake, kwa sababu hakutaka kumkasirisha mama kwa kusema kwamba anayehitajika kuulizwa ni yule yule tunayemficha.

Mama amecheka, mara ya kwanza tangu usiku ule. Barua imeandikwa kama mlivyoelekeza: miguu ya bibi, injini, kisha mbwa, ambaye amezaa watano. Baba ameongeza mistari yake kwa mkono wake mwenyewe, ameanza na "hofu na mashaka ni juu yako", na mstari wa mwisho ni swali: stakabadhi uliiweka wapi? Naipeleka Posta kabla hawajafunga.