Nimepewa kiti cha Ubelgiji katika igizo la Baraza la Usalama la Julai 1960. Nijiandae vipi?

Mwanafunzi, Lubumbashi
Wapendwa, kitivo chetu kinaandaa igizo la kikao cha Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa cha usiku wa kuamkia tarehe 14 Julai 1960, na kura imeniangukia mimi kuwa mjumbe wa Ubelgiji. Bibi yangu alikuwa msichana wa Kamalondo wakati askari wa Ubelgiji walipoingia mjini kwetu, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo letu la Katanga, akatangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Nilipomwambia kwamba nitaketi nyuma ya kibao chenye jina la Ubelgiji, aliweka kikombe cha chai chini na hakuniuliza lolote. Nitauteteaje msimamo ambao moyo wangu unaukataa?

Mwalimu wa historia, Bukavu
Mwanangu, hukuombwa kuukubali msimamo huo. Umeombwa kuuelewa kiasi kwamba wenzako walazimike kuujibu kwa hoja. Ubelgiji ilidai kwamba iliingia kulinda raia wake baada ya askari wa Force Publique, jeshi ambalo Kongo ililirithi kutoka ukoloni wa Ubelgiji, kuasi kuanzia tarehe 5 Julai, na kwamba ingeondoka mara usalama utakaporudishwa. Udhaifu wa dai hilo ujue wewe kabla ya wengine: mkataba wa urafiki kati ya Ubelgiji na Kongo wa tarehe 29 Juni ulikuwa haujaidhinishwa, na hata huo uliruhusu majeshi ya Ubelgiji kutumika kwa ombi la serikali ya Kongo tu, ombi ambalo halikutolewa.

Kumbuka pia kwamba Ubelgiji haikuwa mjumbe wa Baraza. Ilialikwa kuzungumza bila haki ya kura, kwa hiyo silaha yako ni maneno yaliyomo katika rasimu ya azimio iliyoletwa na Tunisia. Umoja wa Kisovyeti ulitaka Ubelgiji ilaaniwe kwa uvamizi na iondoke mara moja, lakini marekebisho hayo yalikataliwa. Rasimu hiyo ndiyo ikawa Azimio la 143, lililoitaka Ubelgiji iondoe majeshi yake bila kutaja siku. Likapita kwa kura 8, huku Ufaransa, Uingereza na China zikijizuia kupiga kura. Mjumbe wako afanye kazi yake yote hapo, kwenye tarehe isiyoandikwa.

Dada wa Goma
Naongeza jambo moja, kaka, kwa sababu nililikosea mwenyewe. Katika igizo letu la mgogoro huohuo nilishika kiti cha Marekani, na katikati ya mjadala nikataja kifo cha Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, karibu na Ndola (Zambia ya leo), kilichotokea Septemba 1961. Ukumbi ulinyamaza, na waandaaji wakasimamisha kikao, maana nilikuwa nimewapa wote habari ambayo usiku ule hakuna aliyekuwa nayo. Tangu hapo huandika tarehe ya kikao juu ya kila karatasi ninayoingia nayo, kisha nafuta kila kilichotokea baada yake, hata kama kinaniuma kukifuta. Usiku ule hata Kongo yenyewe ilikuwa haijapokelewa katika Umoja wa Mataifa, ilipokelewa Septemba.

Mwanafunzi, Lubumbashi
Asanteni sana, Mwalimu na dada yangu. Jana nilimsomea bibi maneno ya azimio hilo, akanirudisha mara mbili kwenye sentensi ya kuondoa majeshi, akauliza ni siku gani. Amekubali kunisimulia alichokiona, kwa sharti kwamba nimlete na mwenzangu mwenye kiti cha Tunisia, asikie naye.