Siri ya mwanafunzi: aambiwe nani pale ofisini?

Mleta mada: Wakuu, nipeni mawazo. Shule moja ya kutwa hapa Temeke, binti wa kidato cha pili alimwambia mwalimu wa malezi kwamba anatumia ARV. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, akaandika kwenye grupu la WhatsApp la walimu: "Akisinzia msimsumbue, yuko kwenye dozi." Na jina akaliweka. Chai ya saa nne haijafika, mama maandazi alishajua. Kwangu kosa si kusema, ni kusema kisichohitajika. Mwalimu wa hesabu anatakiwa kujua cha kufanya tu: akisinzia asichapwe, akiomba ruhusa apewe. Ugonjwa wenyewe haumsaidii kufundisha logi.

Mwalimu, Mbagala: Ndugu, wewe hujaingia darasa la watoto tisini. Ukiniambia "msimsumbue" bila sababu, nitajua ni mtoto wa mkubwa fulani. Halafu mwalimu wa zamu asiyejua lolote ndiye anayeshika fimbo getini asubuhi. Wangapi wamechapwa kwa kuchelewa kumbe wametoka kliniki?

Mleta mada: Mwalimu, hapo tatizo ni fimbo. Kikaratasi cha ruhusa chenye saini ya mkuu wa shule kinatosha, hakihitaji kutaja kliniki gani. Na tusisahau, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu habari za afya na za watoto kuwa taarifa nyeti. Sheria ya UKIMWI ya 2008 nayo inadai usiri.

Mama wa wawili, Tandika: Na mtoto akisema anafanyiwa ukatili nyumbani? Napo mtakaa kimya mkisema ni siri?

Mleta mada: Hapana mama, hilo lazima litoke. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka anayejua atoe taarifa serikali za mitaa. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna simu 116. Ila linapita kwa mkuu wa shule na afisa ustawi wa jamii, haliwi gumzo la ofisi nzima.

Mwalimu, Mbagala: La grupu nakubali, la kwetu bado lina mwalimu aliyehamia Kigamboni mwaka juzi. Lakini mnaisakama simu wakati daftari la unasihi, lile la ushauri tunaowapa wanafunzi, liko kwenye kabati la chaki, wazi, kila mtu anapekua. Kufuli tumeomba tangu muhula uliopita.