Watia nia 42 wa CCM mwaka 2015, wangapi walikuwa wanautaka urais kweli?

Wakuu, hili limenikaa rohoni miaka yote hii, leo nalitoa. Mimi ni mmoja wa wale tuliopanga foleni na kadi mkononi kumdhamini mtia nia wa urais, jua la utosi, namba ya kadi inaandikwa, saini, nikarudi home najiona na mimi nimeshiriki kumpata rais. Mtu wangu hata tano bora hakugusa. Kukatwa sawa, ila naamini kabisa hakuwahi kuutaka huo urais.

Hebu angalieni, watu 42 wamechukua fomu, milioni moja kila mmoja, 38 wakarudisha. Kweli wote wale walijiona Ikulu? Kwa wengi ile fomu ilikuwa barua ya kuomba kazi! Unajitangaza, unatema sera, unajua utakatwa, ukikatwa hununi wala huhami chama, unatulia unasubiri simu. Baraza la kwanza la mawaziri la Magufuli, aliyeshinda urais, Desemba 2015, yumo January Makamba, yumo Mwigulu, Mwakyembe, Mahiga, manaibu wakina Kigwangalla na Mpina, na wote hao walichukua fomu. Sijaingia kichwani mwa mtu na wapo walioziweza hizo kazi, lakini msiniambie hakuna aliyepiga hiyo hesabu.

Alafu Lowassa, yule waziri mkuu wa zamani, naye alichukua fomu. Masharti yalitaka wadhamini 450 kwenye mikoa 15, yeye akakusanya malaki, kila mkoa nyomi. Saini za nini zote zile? Mi naona ule umati ulikuwa wa kuitisha Kamati Kuu, kwamba mkinikata hawa mtawapeleka wapi. Akasahau jina linakatwa kwenye kachumba kadogo kabla halijafika ukumbini, Kamati Kuu inatoa watano, Halmashauri Kuu watatu, ndio mkutano mkuu unapewa. Wajumbe waliimba wana imani naye mbele ya mwenyekiti wa chama, Kikwete, pale Dodoma, wajumbe watatu wa Kamati Kuu wakatoka hadharani kupinga, na jina halikurudi. Mwisho wa Julai yuko Chadema, upinzani.

Magufuli naye watu wanasema bahati. Bahati gani? Kazunguka kimya kimya, hana kambi, hakumchokoza mtu, wenzie wanaumizana yeye yupo tu, mwisho kura 2,104, Amina Salum Ali 253, Migiro 59. Ule ukimya ulikuwa mkakati, na ndio uliowapiga wote.

Kinachoniuma ni sisi wa foleni. Jamaa yangu baada ya kukatwa hata asante hakutuma, nikamuona kwenye TV anapiga makofi nyuma ya mshindi, anacheka mpaka jino la mwisho. Kadi ninayo bado na ada nalipa, ila saini yangu mtu asije kuniomba kabla hajaniambia usoni anagombea urais au anatafuta uwaziri.