Makocha wa maisha mu L'shi (Lubumbashi): baombwe cheti ao baachwe tu?

Batu ya L'shi, tuongee hii kitu waziwazi. Afishi ya makocha iko kila fasi, kocha wa maisha, kocha wa biashara, kocha wa ndoa, na mutu yeyote anaweza kuamka asubuhi akajiita kocha, hakuna wa kumukataza, hata kule Ufaransa sheria hailindi hiyo jina. Yaya wangu, mukubwa wangu mwenye kuuzisha bitenge, alilipa kocha moja (jina naacha). Nilimusindikiza siku moja: sale imejaa, mikro juu kabisa, kila mutu anaambiwa apige makofi aseme mi niko mushindi, kisha banauzisha bitabu ku mulango. Hakuna mwenye alimuuliza yaya hata swali moja juu ya biashara yake ya bitenge! Kwangu ile ni mahubiri. Kocha kazi yake njo kuuliza na kusikiliza mpaka weye mwenyewe upate jibu. Chama kikubwa cha makocha cha dunia, ICF (International Coaching Federation), chenye kilianza 1995, kinaomba masaa 60 ya masomo na masaa 100 ya kufanya na batu kwa cheti ya chini, ACC. Ile ya juu, MCC, masaa 2500 ya kufanya na batu. Mi nasema meri (biro ya muji) iombe kitu kama hiyo mbele ya mutu kufungua biro. Munasemaje?

Mutoto wa Katuba: Mukubwa, ukileta meri umeleta takse ingine. Mwenye franga atainunua hiyo karatasi, muzee mwenye alifanya mu mine maisha yake yote na anaongoza bijana bule, ule njo atafungiwa.

Mama wa Kampemba: Ule muzee anashauri juu alipitia njia, ni muzuri sana lakini haiko kocha. Mi natumika ku biro ya bafanyakazi, kampuni ya sutretansi, yenye inafanyia kampuni ingine kazi. Kwetu shida haiko cheti, shida ni siri. Kampuni njo inalipa kocha wa shefu wa ekipe, kisha bosi anataka kujua alisema nini. Inapaswa mapatano ya batu batatu, banasaini mbele ya kuanza: bosi anajua malengo na kama balikutana, basi. Kocha wa mwisho mwenye tulimuita alimuelezea bosi kila kitu palepale mu parking, shefu wa ekipe akafunga kinywa mpaka leo.

Mwenye mada: Sawa mama, lakini kampuni iko na weye wa kusoma mapatano. Yaya wangu ku soko ya Kenya, hapa L'shi, iko na nani?

Mutoto wa Katuba: Iko na kinywa, aulize. Ulisomea wapi, ulifanya na nani, tutaonana mara ngapi, nikiacha katikati franga inarudi? Bazuri bengi banakubali kuongea mara ya kwanza bila kulipisha, pale njo unamupima. Akiahidi kazi ku mine ao mali mu mwezi moja, simama utoke. Na kama yaya halali usiku, analia ovyo, hata wa masaa 2500 haiko kazi yake, mupeleke kwa munganga.

Mwenye mada: Maulizo nitamupatia. Lakini ule mwenye alishakamata franga ya batu, bakamushitaki wapi? Juu ya hiyo mi bado niko ku meri.