Nimepigwa na kibua wa barafu, na badala ya samahani nimeambiwa nirudishe chambo

MSHIPI MREFU:

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa bado na shati linalonuka kibua, kwa sababu nikienda kuoga kwanza hasira itapoa, nami sitaki ipoe. Yule bwana wa mzinga wa chambo, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa kila aliyewahi kutia mshipi majini kati ya Msasani na Coco Beach anamjua kwa kofia yake na ndoo yake ya bluu, leo asubuhi amevuka mpaka.

Kwa wale ambao hawajabahatika kuuona mzinga wenyewe, ni bomba la plastiki linaloshikwa mkononi, limeunganishwa na bomba jingine pana zaidi ambalo hujazwa upepo kwa pampu ya baiskeli, na katikati yake kuna vali ambayo ikifunguliwa upepo wote hutoka kwa mkupuo mmoja na kukirusha chambo baharini pamoja na ndoana, chubwi la kuzamishia na mshipi wake. Chambo hugandishwa usiku kucha ndani ya kipande cha bomba chenye upana uleule, ili kisisambaratike hewani na ili upepo usivuje pembeni yake. Sisi wengine tunazungusha chubwi kwa mkono kama tulivyofundishwa na wazee wetu, na likitua hatua arobaini kutoka mwambani tunashukuru. Yeye anataka kumfuata kolekole hadi Zanzibar bila kulipa nauli ya boti.

Leo nilikuwa na baba mkwe, aliyefika juzi kutoka Pangani. Maji yalikuwa yanajaa, kusi linavuma kwa adabu, mzee amekaa juu ya jiwe na kanzu yake nyeupe, kikombe cha kahawa mkono mmoja na kashata mkono mwingine. Mimi nilikuwa namwonyesha kwamba binti yake hakuolewa na mtu asiyejua bahari. Bwana wa mzinga alikuwa hatua kama ishirini kutoka tulipo, anapiga pampu kana kwamba anajaza matairi ya lori. Basi akapita mtoto mmoja na dumu lake, akamwamkia shikamoo. Mtu aliyelelewa vizuri hugeuka anapoitikia, naye aligeuka, ila aligeuka pamoja na bomba. Hakuwahi kuimaliza marahaba yake. Nilisikia "mara", kisha nikasikia mlipuko, kisha kibua aliyegandishwa akanifika begani kama tofali, akaruka, akatua mapajani kwa baba mkwe, na ndoana ikanasa kwenye kanzu.

Hayo yote ningeyasamehe. Bahari ina mambo yake. Lakini yule bwana alikuja mpaka tulipo, hakuniuliza nimeumia wapi, hakumpa mzee pole, akautazama mshipi wake uliokuwa umenyooka kutoka kwenye kanzu ya mkwe wangu, na kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani akasema: "Naomba chambo changu, lakini taratibu, kisikatike."

Chambo changu! Bega langu limepata rangi ya zambarau, mzee wa watu amenasa kama changu, kahawa imemwagika yote, naye anaomba chambo chake. Kisha, wakuu, akauvuta mshipi. Akauvuta! Baba mkwe wangu amekunjwa na rili hatua tatu juu ya mawe mbele ya macho yangu. Na akarudia tena, "taratibu, kisikatike", na mpaka sasa sielewi kama alikuwa anamzungumzia kibua au mkwe wangu.

NGALAWA KONGWE:

Pole sana, mkuu. Kumbe mlio ule ulikuwa wa kwenu. Sisi tulikuwa nje kidogo tunarudi, na tulipousikia tuligeuza tanga pale pale, kwa sababu mtu aliyekulia katika pwani hii akisikia kishindo karibu na maji hafikirii kitu kingine ila baruti. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza milipuko, na hakuna nahodha anayetaka kukutwa jirani na mlipuko akiwa na samaki ndani ya chombo, halafu aanze kuwaeleza watu wa doria kwamba ni mzee mmoja tu aliyekuwa anaitikia salamu. Tumepoteza nusu saa tukizunguka, na changu wetu wamefika soko la Feri wakati wachuuzi wameshanunua. Mimi ndiye niliyepaswa kufungua uzi huu.

SHAHIDI WA MWAMBANI:

Nilikuwepo, na kwa heshima zote ninaomba kurekebisha baadhi ya taarifa. Kwanza, chambo kile hakikuwa tofali. Kilikuwa nusu ya kibua, na barafu yenyewe ilikuwa imeshaanza kuyeyuka kwa sababu jua lilikuwa limepanda, jambo ambalo mwenye mzinga alikuwa akililalamikia tangu alfajiri. Pili, mzee hakuvutwa hatua tatu. Alisogea mwenyewe hatua moja ili mshipi ulegee na aichomoe ndoana bila kuitoboa kanzu zaidi, kama afanyavyo mtu anayejua kazi. Tatu, aliyepiga kelele mpaka mama wa chapati akaangusha mwiko si mzee.

Na mwenye uzi amesahau kutueleza kilichofuata. Mzee alikirudisha chambo, taratibu, hakikukatika, kisha akauliza, "Mwanangu, hicho kidude kinajazwa upepo kiasi gani?" Nilipoondoka saa tatu walikuwa wamekaa jiwe moja, na mzee alikuwa ameshika bomba.

MSHIPI MREFU:

Sikusahau. Niliona halihusiani na mada. Ni kweli mzee aliulizia kidude, kwa sababu ni mgeni na ana adabu za kwao, lakini hoja yangu haiko hapo, wala haiko kwenye barafu kuyeyuka au kutoyeyuka. Hoja yangu ni kwamba mtu amekupiga na samaki, umesimama mbele yake umeshika bega, naye anakuomba chambo chake. "Naomba chambo changu." Hata angesema "naomba chambo changu na pole", ningekuwa nimelala sasa hivi.

MAMA NGISI:

Wanangu, ninyi mmepigwa na kibua mara moja. Mimi nimekaa naye kwenye friji miezi miwili.

Ninauza barafu za ukwaju na za ubuyu nyumbani kwangu, na bwana huyo huyo alikuja kwa unyenyekevu akaniomba nimhifadhie vipande vyake vya bomba usiku mmoja tu, kwa kuwa friji lake lilikuwa limeharibika. Usiku mmoja ukawa kila Ijumaa. Vipande vimejazwa maji, ndani kuna dagaa au ngisi, ncha ya uzi imechomoza juu, na kwenye giza la friji ukipapasa havina tofauti na barafu za ukwaju zenye vijiti. Mnajua kilichotokea. Mtoto wa jirani aliilamba nusu nzima kabla ya kugundua kwamba ukwaju huo una macho. Mpaka leo watoto wa mtaa wananiita Mama Ngisi, na nimelikubali jina kwa sababu sikuwa na la kufanya. Nilipomfuata kumweleza, unajua alichoniuliza? "Sasa chambo chenyewe kiko wapi?"

NGALAWA KONGWE:

Kwa hiyo ni tabia yake, siyo bahati mbaya.

FUNDI BOMBA:

Nazungumza kama mtu anayeishi kwa mabomba. Malalamiko yenu ni ya kuchekesha, lakini mimi ndiye ninayeletewa vidude hivi nivizibe, na kila nikikataa naonekana nina roho mbaya. Bomba la plastiki la maji limetengenezwa kubeba maji. Maji hayashindiliki, kwa hiyo bomba likipasuka linachuruzika tu na sakafu inalowa. Upepo hushindilika kama springi, na siku bomba hilo hilo likipasuka likiwa na upepo, linarusha vipande vyenye ncha pande zote kwa mpigo mmoja. Juu ya hapo bomba huachwa juani mwambani, jua linalidhoofisha, kisha mtu anakuja kuniambia nimwongezee gundi kwenye kiungo. Gundi si dawa ya uchovu wa plastiki. Mwezi uliopita mteja mmoja, ambaye simtaji lakini ana ndoo ya bluu, alinilipa nusu ya hela akasema nyingine ataleta samaki wakinasa.

Mkuu mwenye uzi, kwa hiyo ushukuru kwamba kilichotoka kilikuwa kibua.

MSHIPI MREFU:

Nishukuru?

NILIISHI UGHAIBUNI:

Ndugu zangu, mnanishangaza kwa kuushangaa mzinga huo kana kwamba ni kitu kipya. Nilipokuwa Uingereza niliwaona wavuvi wa mabwawa wakitumia manati, manati halisi yenye mipira miwili na kipochi cha wavu, kurusha vidonge vya chambo mahali walipotega ndoana zao, ili samaki anayeitwa carp akusanyike hapo na azoee kula. Wengine wana fimbo iliyopinda, yenye mfereji ndani; unatia vidonge, unaizungusha kama mtu anayefukuza kunguru, vinaruka mbali sana. Wapo hata wenye viboti vya rimoti vinavyobeba chambo na kukimwaga. Lakini zingatieni jambo moja: manati hurusha chambo kitupu, bila ndoana. Ndoana inakwenda kwa fimbo yake. Mtu anayefyatua ndoana kwa upepo katikati ya watu wanaokunywa kahawa hakuona mfano huo kwa mvuvi yeyote niliyekutana naye.

CHUBWI:

Kila uzi lazima aje mtu wa Uingereza. Juzi kwenye uzi wa kukatika maji alitueleza mabomba ya Uingereza. Mkuu, hapa hatuna carp wala bwawa. Tuna mawimbi, tuna bunju anayekata mshipi kwa meno na kubaki anakutazama, na tuna yule bwana. Ukirusha vidonge vitupu kwa manati pale mwambani unawalisha bunju bure, nao watawaleta ndugu zao.

NILIISHI UGHAIBUNI:

Nilitoa mfano tu.

MTEGO WA KUNDUCHI:

Samahani, naona nimechanganyikiwa. Huyu mnayemsema si yule wa huku kwetu Kunduchi, anayerusha mabonge ya ugali na dagaa kwa manati ya mpira wa tairi? Kwa sababu kama ndiye, mimi nina malalamiko makubwa kuliko haya yote. Bonge lake lilimwangukia ndugu yangu ndani ya mtumbwi, naye akadhani ni mvua ya mawe.

MAMA NGISI:

Huyo ni mwingine. Wetu hatumii ugali.

MTEGO WA KUNDUCHI:

Kofia si ya majani?

CHUBWI:

Kofia zao zote ni za majani, mkuu. Ulikuwa unadhani wanavaa tarabushi? Na ukitaka kulalamika, lalamika juu ya huyo wa manati, maana mzinga angalau unatoa mlio na mtu anajua ainame. Manati haina adabu hiyo. Mimi nilipigwa na bonge la pumba na mafuta ya samaki nikiwa nimevaa nguo za harusi, na paka walinifuata mpaka ukumbini.

SHAHIDI WA MWAMBANI:

Paka wangapi?

CHUBWI:

Sikuwahesabu. Mmoja aliingia kwenye picha ya familia.

MSHIPI MREFU:

Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Sina ugomvi na ugali, wala carp, wala paka. Nilifungua uzi huu kwa sababu mtu alinitazama nikiwa nimeshika bega, akasema "naomba chambo changu, lakini taratibu, kisikatike", na mpaka sasa watu wanne tu wamenipa pole.

NGALAWA KONGWE:

Mmoja. Mimi peke yangu.

MGENI WA JIJI:

Habari za leo. Mimi sivui mara nyingi, lakini uzi huu umenivutia. Hiyo pampu inayojaza upepo inapatikana wapi, na je, ni lazima iwe na kipimo?

FUNDI BOMBA:

Pampu ya baiskeli utaipata Kariakoo katika duka lolote la vipuri vya baiskeli. Chukua yenye kipimo, kwa sababu mkono wa mtu mwenye tamaa ya samaki haujui kusimama. Lakini nimekwishasema kuhusu mabomba ya maji, na nikikuona umeniletea lako nitakukana.

MAMA NGISI:

Na chambo ukigandishe kwako.

MGENI WA JIJI:

Asanteni. Swali la mwisho. Kibua anapotiwa kwenye bomba, kichwa kinatangulia au mkia?

SHAHIDI WA MWAMBANI:

Mimi nadhani mkia, ili aruke akiwa amenyooka.

CHUBWI:

Inategemea upepo.

MGENI WA JIJI:

Kwa hiyo hakuna mwenye uhakika?

MSHIPI MREFU:

Kichwa kinatangulia. Alama iliyoko begani kwangu ina jicho.